Kupata Mgahawa Mzuri wa Kithai: Somo la Los Angeles

Migahawa ya Kithai imeenea katika miji mikubwa ya dunia kiasi kwamba kuipata si kazi. Kazi ni kuupata ulio mzuri. Wingi huo una mkono wa serikali ndani yake: mwaka 2002 Thailand ilizindua mpango wa Global Thai, uliokusudia kuongeza migahawa ya nchi hiyo ughaibuni ili chakula kiitangaze nchi na kuyafungulia soko mazao yake. Wizara ya Biashara ya nchi hiyo hutoa pia nembo ya Thai Select kwa migahawa iliyokidhi vigezo vyake. Nembo hiyo si ya kupuuzwa, ila haimwambii mlaji jambo lililo kubwa zaidi, yaani mpishi amemkusudia nani. Anayempikia mgeni mwoga wa pilipili na anayempikia Mthai aliyekumbuka kwao wanaweza kuandika majina yale yale kwenye menyu, na sahani zisifanane hata kidogo.

Ndiyo maana msako huanza na watu kabla ya vyakula. Los Angeles, jiji lenye moja ya jumuiya kubwa kabisa za Wathai nje ya nchi yao, linaonyesha jambo hili waziwazi. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1965 ilifuta mgao wa zamani uliowapendelea watu wa Ulaya, na Wathai wakaanza kuingia kwa wingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilifunguliwa duka la Bangkok Market upande wa mashariki wa Hollywood. Kabla ya hapo mpishi wa Kithai alilazimika kubahatisha kwa viungo vya jirani. Baada ya hapo alipata viungo vya kwao. Migahawa ikachipuka upande huo wa jiji, na mwaka 1999 jiji likalitambua rasmi eneo hilo kwa jina la Thai Town. Ni kipande kifupi cha Hollywood Boulevard, kati ya Western Avenue na Normandie Avenue, na sehemu kubwa ya migahawa yake imejibanza kwenye majengo ya maduka yenye uwanja mdogo wa magari mbele. Anayesaka mapambo ya kifahari atapita bila kugeuka.

Kanuni hii hufanya kazi katika jiji lolote: litafute duka la vyakula vya Kithai, kisha hekalu. Kaskazini mwa Los Angeles, katika bonde la San Fernando, hekalu la Wat Thai huwa na soko la chakula mwishoni mwa wiki. Vibanda hupangwa uani, mishikaki ya nguruwe huchomwa, papai bichi hutwangwa mbele ya mteja. Mlaji mgeni akila huko asubuhi moja hujua ladha gani atarajie atakapoingia mgahawani.

Jambo la pili ni kujua kwamba chakula cha Kithai si kimoja. Mchuzi wa nazi wa rangi ya kijani, unaojulikana sana nje, ni wa nyanda za kati, upande wa Bangkok. Isan, kaskazini mashariki, nazi ni haba mezani: huko hutawala wali wa kunata unaoliwa kwa mkono, nyama ya kuchoma, na larb, yaani nyama iliyokatwakatwa na kuchanganywa na ndimu, nanaa, pilipili na mchele uliokaangwa mkavu ukasagwa. Kaskazini, pande za Chiang Mai, kuna khao soi, tambi za mayai katika mchuzi wa nazi na bizari, juu yake tambi nyingine zilizokaangwa hadi zikakauka. Kusini, karibu na Malaysia, manjano hutiwa bila choyo na ukali hauna mzaha. Gaeng tai pla, mchuzi wa matumbo ya samaki yaliyovundikwa, haumpendi kila mtu. Mgahawa unaojitambulisha kwa jimbo lake tayari umetoa ahadi inayoweza kupimwa. Ule wenye sahani mia na ushei, pamoja na sushi ya Kijapani, hauahidi chochote.

Mfano unaosimuliwa sana ni wa Jitlada, mgahawa wa Sunset Boulevard. Mwaka 2006 uliingia mikononi mwa dada na kaka waliotoka kusini mwa Thailand. Menyu ya mbele ilikuwa ya kawaida, ile ya kila mahali, lakini kurasa za nyuma zilibeba orodha ndefu ya vyakula vya kusini iliyoandikwa kwa Kithai tu. Mlaji mmoja aliyeijua lugha akaitafsiri kwa Kiingereza, kisha mchambuzi wa vyakula Jonathan Gold akaiandikia, na watu wasio Wathai wakaanza kupanga foleni kwa ajili ya vyakula ambavyo awali vilidhaniwa haviwezi kuuzika kwao. Chakula kilikuwepo siku zote. Kwa hiyo ni halali kabisa kumuuliza mhudumu kama kuna menyu nyingine, au kuinyooshea kidole sahani iliyo meza ya jirani.

Sahani ya kupimia iliyo rahisi ni som tam, saladi ya papai bichi. Kitunguu saumu na pilipili kichaa hupondwa kwanza kwenye kinu, hufuata kunde changa, nyanya, uduvi, sukari ya mnazi na ndimu, kisha nam pla, yale maji ya rangi ya kahawia yatokanayo na dagaa wa baharini waliovundikwa kwenye chumvi. Papai huingia mwishoni na hupondwa kidogo tu, ili liingiwe na maji bila kulegea. Chumvi, uchachu, utamu na ukali lazima vyote visikike. Utamu ukivifunika vingine, jiko hilo linapikia wageni. Sauti ya mchi kutoka jikoni baada ya kuagiza ni habari njema. Saladi inayofika papo hapo ilichanganywa zamani.

Kwa michuzi ya nazi, msomaji aliyelelewa Pwani ya Afrika Mashariki ana jicho la kuamulia. Mpishi makini huchemsha tui zito mpaka mafuta yajitenge, hukaangia humo viungo vilivyosagwa, halafu ndipo huongeza tui jepesi. Mchuzi wake huonyesha vijicho vya mafuta ya rangi juu. Mchuzi mzito sare kama uji, usio na vijicho, mara nyingi ni tui la kopo lililokorogewa viungo na kupashwa moto.

Pad thai, tambi za mchele za kukaanga, haifai sana kwa kipimo. Ilienezwa na serikali ya waziri mkuu Plaek Phibunsongkhram miaka ya kuzunguka Vita Kuu ya Pili, katika kampeni ya kujenga utaifa, na leo kila mgahawa unayo. Bora kuonja pad kra pao, nyama iliyokaangwa haraka kwa moto mkali na majani ya rehani yenye ukali wa karafuu. Jani hilo ni adimu ughaibuni na hunyauka upesi. Mgahawa unaolitafuta badala ya kutumia rehani ya kawaida unajali.

Mezani, vibakuli vinne vya sukari, pilipili ya unga, siki yenye pilipili na nam pla huletwa pamoja na supu za tambi, kwa kuwa kila mlaji hujirekebishia ladha. Wali usio wa kunata huliwa kwa kijiko, uma ukisukumia. Vijiti ni vya tambi. Vyakula huwekwa katikati na kuliwa kwa pamoja, hivyo watu wanne wakiagiza mchuzi mmoja, saladi moja, kitu cha kukaanga na supu watakula vizuri kuliko kila mmoja akiwa na sahani yake. Kuhusu pilipili, mhudumu humpunguzia mgeni bila kuombwa. Anayetaka ukali wa kwao aseme mapema, na awe na wali wa kutosha karibu, maana maji hayaupozi.