Mashine ya Mtera Ndani ya Pipa la Nkuhungu

Wazee wa Kigogo husimulia kwamba mji wa Dodoma ulipata jina lake kwa tembo aliyedidimia topeni. Idodomya, wakasema, amezama. Lakini pita Nkuhungu mwezi wa Septemba, vumbi juu vumbi chini, uone kama hata sisimizi atapata pa kuzama. Haya, niambieni: injini ya boti ilifuata nini huku?

Ilitoka Mtera, kwenye lile bwawa la njia ya Iringa, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini. Bwawa lilijengwa kuyakusanya maji ya Ruaha Mkuu yazalishe umeme. Samaki wakanawiri, wavuvi wakawafuata. Mvuvi mmoja alikuwa ameitelekeza mashine yake stoo kwa miaka minne. Baba mdogo, fundi pikipiki, akainunua kwa bei ya chuma chakavu. Mama mdogo akamuuliza kama ziwa nalo linakuja na gari la kesho.

Akavuta kamba ya kuwashia. Wapi! Pistoni ilikuwa imejamu kwa kutu. Mimi nikashika nyundo.

"Weka chini hiyo," akasema. "Ukiigonga utaiua kweli."

Alichomoa plagi, akamimina dizeli kidogo kwenye tundu lake, akaenda kunywa chai. Kila jioni alijaribu kuizungusha kwa mkono, polepole. Siku ya nne ikasogea, ikilia kama mlango wa zamani.

Ndipo akaifungua. Petroli iliyoachwa kwenye kabureta ilikuwa imekauka, imekuwa gundi ya rangi ya asali, imeziba vitundu vyembamba kuliko tundu la sindano. Oili ya giaboksi ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa: sili zimechoka, maji yameingia. Lakini kilichomsumbua zaidi ni impela, kigurudumu cha mpira chenye mabawa. Mabawa mawili yalikuwa yamekatika, na baba mdogo hakutaka kufunga mpya mpaka avipate vile vipande. Kipande kisichoonekana, alisema, kiko njiani kwenda kuziba. Alivitafuta mchana kutwa kwa waya na tochi.

Kwa nini? Pikipiki nyingi hupozwa na upepo. Injini ya boti hunywa maji ya ziwani kwa chini. Impela huyasukuma juu, yakazunguka kwenye chuma cha moto, yakatoka. Ukiiwasha pakavu, impela huungua upesi, na injini hufuata.

Mmoja wa waliozianzishia biashara injini hizi alikuwa Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyekulia Marekani. Alianza kuziuza Milwaukee mwaka 1909. Husimuliwa kwamba alipiga makasia kumletea mchumba wake aiskrimu, ikayeyuka kabla hajafika. Kwa jua la Dodoma asingefika hata na kijiti.

Ziwa letu lilikuwa pipa la lita 200: madumu kumi, na wabebaji mnawajua. Baba mdogo alitoa propela kwanza, isije ikakata mtu, akaifunga mashine kwenye mbao imara, uani, pasipo moto wala sigara. Kwa kuwa alikuwa ameifunga pistoni ringi mpya, alizidisha oili: mililita 200 kwa lita 5 za petroli.

Kamba mara ya sita, ikanguruma! Moshi ukatanda, kuku wakakimbilia kwa jirani. Baba mdogo hakucheka. Aliangalia kitundu cha pembeni, ambako maji hupaswa kuchuruzika. Kikavu. Akaizima papo hapo, akaingiza waya: udongo. Nyigu walikuwa wamejenga humo.

Ilipowashwa tena, maji yakachirizika.

"Inakojoa!" tukapiga kelele.

Mashine ilirudi Mtera wiki ile ile. Maji ya pipani yalikuwa yameingia oili na moshi, hayafai hata kwa mchicha. Mama mdogo akadai madumu yake kumi, na safari hii baba mdogo aliyabeba mwenyewe.