Mwenye majumba akiwa ndiye mwenye benki

Mjenzi anayetaka kupandisha ghorofa kumi pale Nyali huenda benki kuomba mkopo. Hukutana na afisa ambaye kazi yake ni kushuku: Hati ya kiwanja ni halali? Nyumba zitapata wanunuzi? Bei hii nani kaikadiria? Maswali hayo huudhi, lakini ndiyo yanayolinda pesa zetu sisi tulioweka akiba.

Sasa, mjenzi huyo akiwa na hisa kubwa katika benki hiyo hiyo, afisa atakuwa anamhoji bosi wake. Hapo kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani.

Haya yalitokea Vietnam. Sheria ya huko ilimkataza mtu mmoja kumiliki zaidi ya asilimia 5 ya hisa za benki. Tajiri wa majumba, Truong My Lan, alitumia majina ya watu wengine akadhibiti zaidi ya asilimia 90 ya benki ya SCB. Waendesha mashtaka walisema asilimia 93 ya mikopo ya benki hiyo ilienda kwake na kwa kampuni zake, nyingi zikiwa za jina tu. Alipokamatwa Oktoba 2022, wateja walipanga foleni kutoa pesa zao, na benki kuu ikalazimika kuingilia kati. Mkaguzi mkuu aliyetumwa kuichunguza SCB alikuwa amepokea hongo ya dola milioni 5.2.

Lakini hata bila wizi, hatari ipo. Bei ya nyumba ikianguka, mapigo huja matatu kwa pamoja. Mjenzi hushindwa kulipa. Majumba aliyoweka dhamana hupoteza thamani. Na mwenye hisa, ambaye angeongeza mtaji kuiokoa benki, ndiye huyo huyo aliyefilisika.

Hapa Kenya, sheria ya mabenki humzuia mtu binafsi kumiliki zaidi ya asilimia 25 ya hisa, na huwekea mpaka mikopo ya wakurugenzi na wenye hisa. Ni vizuri, ila Vietnam pia walikuwa na sheria.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, usingoje foleni. Kila robo mwaka benki hutangaza hesabu zake magazetini na kwenye tovuti. Tafuta mstari wa mikopo kwa wakurugenzi, wenye hisa na washirika wao. Ukiona inapanda kila mara, uliza. Kumbuka pia kwamba bima ya serikali hulipa mwisho shilingi 500,000 kwa mteja katika benki moja. Aliyeuza shamba la urithi akaweka milioni tatu mahali pamoja, milioni mbili na nusu hazina kinga hiyo.

Pesa ya akiba huitwa amana. Amana haikai salama kwa mtu anayejikopesha mwenyewe.