Hofu Iliyomwangusha Okonkwo

Mwanafunzi akiulizwa kwa nini Okonkwo, mhusika mkuu wa riwaya ya Chinua Achebe, alianguka, mara nyingi hujibu kwa neno moja: ukali. Jibu hilo si la uongo, ila limeishia njiani. Ukali wa Okonkwo unatokana na hofu, na chanzo cha hofu hiyo ni Unoka, baba yake mzazi.

Unoka alikuwa mpiga filimbi, mpenda watu, mzembe shambani, na alikufa akidaiwa na majirani. Mwanawe akachukia kila alichokipenda baba. Akalima viazi vikuu kwa mbegu za kuazima, akambwaga Amalinze katika mieleka, akajaza ghala, akapata vyeo. Hapo ndipo ustadi wa Chinua Achebe ulipo katika riwaya hii ya 1958, ambayo kwa Kiswahili inaitwa Shujaa Okonkwo: hofu iliyompandisha Okonkwo ndiyo hiyohiyo inayomshusha. Aristotle alikwisha kueleza, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, kwamba shujaa wa tanzia asiwe malaika wala mwovu. Mwovu akianguka hatumhurumii, na mtu asiye na kosa akiangamia tunachukizwa tu.

Tazama kifo cha Ikemefuna. Kijana huyu ameishi nyumbani kwa Okonkwo miaka mitatu na anamwita baba. Mizimu inapoamuru auawe, mzee Ezeudu anakuja kumwonya Okonkwo asishiriki. Obierika, rafiki yake, anabaki nyumbani na heshima yake haipungui. Okonkwo anakwenda. Kijana anapopigwa panga la kwanza anamkimbilia yeye, naye anammaliza kwa mkono wake, asije akaonekana dhaifu. Hakuna aliyemlazimisha. Kwangu mimi, riwaya nzima inageukia hapo.

Si kila pigo linalompata linatokana na dosari yake. Bunduki yake inapopasuka kwenye maziko ya Ezeudu na kumuua mtoto wa marehemu, hiyo ni ajali, nayo inamgharimu miaka saba ya uhamisho huko Mbanta. Lakini Nwoye, mwanawe, anapowafuata wamisionari, tunajua kidonda chake kilianza siku ile aliyouawa Ikemefuna.

Mwishoni Okonkwo anamkata kichwa tarishi wa serikali, anatambua kwamba watu wake wa Umuofia hawatapigana, na anajinyonga. Kwa mila yao kujiua ni chukizo, hivyo ndugu zake hawawezi hata kuugusa mwili; sharti wageni wamzike. Unoka naye hakupata kaburi, kwani alipougua uvimbe alipelekwa Msitu Mwovu akafie huko. Mtu aliyetumia maisha yake yote asifanane na baba yake anakosa, kama yeye, maziko ya heshima.

Basi msomaji, ukishika tanzia yoyote, iwe hii au Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, usitosheke kuitaja dosari ya mhusika. Tafuta ukurasa ambapo alikuwa na njia nyingine, kisha uulize kwa nini hakuifuata.