Pedi Mbili, Kochi Moja
Dada, umepanda basi kutoka Shinyanga mpaka Geita kumwona mwenzio anayefanya kazi mgodini, halafu unapokelewa na mgongo: jamaa kazama kwenye kompyuta, anachinja mashetani ya Diablo III! Gemu hiyo ilipotoka mwaka 2012 kwa kompyuta ilidai intaneti muda wote. Bando likikata, kisirani kinakuangukia wewe. Toleo la PlayStation 3 na Xbox 360 la 2013 likaruhusu watu hadi wanne kwenye TV moja, bila intaneti. Sawa, umeme ukikatika laptopu inasogea kidogo, TV inalala. Lakini kaka, nunua pedi ya pili. Shemeji awe mchawi, wewe mbabe wa shoka. Akianguka, mfufue, usimcheke.