Udongo wa Kericho na Meko ya Mama

Tangu mwaka 1969, mnada wa chai wa Afrika Mashariki, ulioanzia Nairobi, hufanyika hapa kwetu Mombasa. Majani yanayochumwa katika vilima vya Kericho na Bomet huteremshwa hadi maghala ya mji wetu, yakauzwa na kupakiwa melini kwenda Pakistani, Misri na kwingineko. Bei inayotajwa hapa ndiyo inayoamua, miezi kadhaa baadaye, kama mama wa bara atalipa karo ya wanawe au atakopa. Kwa sababu hiyo tumeona ni haki wasomaji wetu waijue habari ya udongo unaotoa chai hiyo. Udongo huo umechoka, na juhudi za kuuhuisha zimewaangukia zaidi wanawake.

Chai ilianza kupandwa kwa wingi Kericho katika miaka ya 1920. Makampuni ya kigeni, yakiwemo Brooke Bond na James Finlay, yaliipanda katika nchi ambayo wenyeji wake, Wakipsigis na Watalai, waliondolewa. Wakulima wadogo walipata nafasi baadaye, hasa baada ya serikali kuunda mamlaka ya KTDA mwaka 1964, ambayo mwaka 2000 iligeuzwa kuwa kampuni ya wakulima wenyewe. Leo familia nyingi hupeleka majani yao katika viwanda kama Momul na Litein upande wa Kericho, au Kapkoros na Tirgaga upande wa Bomet. Wengi wao wana kishamba cha ekari moja tu, au pungufu ya hapo.

Kishamba hicho hakipumziki. Majani huchumwa mwaka mzima, na kila kikapu kinachokwenda kiwandani huondoka na sehemu ya rutuba ya ardhi. Ili kuirudisha, mkulima hukopeshwa mbolea ya viwandani, kisha deni hukatwa katika malipo yake. Mbolea hiyo huongeza mavuno, lakini ikitumika peke yake mwaka baada ya mwaka huzidisha tindikali ya udongo. Mchai hupenda udongo wenye tindikali, ila nao una mpaka wake. Juu ya hayo, msitu wa Mau ulio mashariki yao, ambamo mito ya Sondu na Mara hupata maji yake, umepungua sana. Mwaka 2001 pekee serikali ilitenga zaidi ya hekta 60,000 za msitu huo zigawiwe watu.

Onyo jingine lilitokea Bomet. Mnamo Septemba 2011, katika sehemu za Longisa, mahindi yalianza kunyauka na kukauka kabla ya kukomaa. Ulikuwa ugonjwa wa virusi ambao haukuwa umeonekana Kenya hapo kabla, na baada ya muda mfupi ukaenea sehemu nyingine za nchi na kuvuka mipaka. Wataalamu walieleza kwamba kupanda mahindi juu ya mahindi, msimu baada ya msimu, huupa ugonjwa huo makao ya kudumu. Wakawashauri wakulima wabadilishe mazao, mahindi yafuatwe na maharagwe, viazi au mboga. Shamba lenye zao moja ni kama nyumba yenye nguzo moja.

Dawa ya uchovu huu ndiyo inayoitwa kilimo cha kuhuisha udongo. Mwaka 2006, KTDA na kampuni ya Unilever walianzisha mashamba darasa ya majaribio katika viwanda vinne, Momul kikiwa kimojawapo. Wakulima hukutana shambani, wakajaribu jambo, wakalitazama na kulijadili pamoja. Wanajifunza kuoza takataka na samadi ziwe mboji, kupanda miti ya kienyeji mahali pa mikaratusi inayonyonya maji kandokando ya mito, na kutenga bustani ya mnavu, mgagani na maboga ili watoto wasile ugali na chai peke yake.

Katika mafunzo hayo, limo moja linalogusa jikoni moja kwa moja. Mchai hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne, na matawi yaliyokatwa yakiachwa chini huwa matandazo: huzuia mvua kuburura udongo, hutunza unyevu, na yakioza hurudisha rutuba bila deni. Lakini matawi hayo hayo ni kuni. Mama asiye na kuni nyingine hatayaacha shambani hata akifundishwa mara kumi, kwa kuwa chakula cha jioni hakingoji. Kwa hiyo udongo hauwezi kuhuishwa kabla ya jiko kutazamwa. Penye meko ya udongo yanayotumia kuni chache, au miti ya kuni iliyopandwa mpakani, au gesi itokanayo na samadi ya ng'ombe wa zizini, ndipo matawi hubaki chini ya michai.

Lipo pia suala la fedha. Mara nyingi mwanamke ndiye achumaye na kubeba kikapu hadi kituo cha kununulia majani, ilhali nambari ya mkulima ina jina la mume, na bonasi ya mwisho wa mwaka humfikia yeye. Nani ataitumikia ardhi kwa moyo kwa miaka kumi ijayo ikiwa hana kauli juu ya pato lake? Wengi wa wenyeji wa huko si Waislamu, lakini swali hili si geni kwetu. Suratun Nisaa imetufundisha kwamba mwanamke ana fungu katika alichokichuma. Ni mashamba mangapi ya minazi na mikorosho huku kwetu pwani ambayo mama hulima na jina lake halimo?

Wanazuoni wetu wana mlango mzima katika fiqhi uitwao ihyaul mawaat, yaani kuhuisha ardhi iliyokufa. Wao walizungumzia ardhi isiyo na mwenyewe, lakini hekima yake yatufaa hata katika ardhi yenye hati: haki na jasho haviachanishwi. Mtume (S.A.W.) naye ametufundisha kwamba apandaye mti, ukaliwa na mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi tunawaomba kina baba, wa Kericho na wa kwetu, wasimwachie mama jembe na kuni huku wakimfungia daftari la mapato. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awabariki wanaohuisha ardhi, na atujaalie tuwe miongoni mwao. Amin.