Mlima na pori haviko hali ya hewa moja

Mara mingi tunasema “hali ya hewa ya Kivu ya Kaskazini” kama vile iko moja tu. Anayetoka Masisi juu akishuka kupitia Ntoto mpaka Walikale anajua haiko vile. Je, wataalamu wanaigawanya namna gani?

Njia inayojulikana zaidi ni ya Köppen, aliyeanza kuitoa mwaka 1884. Anaangalia joto na mvua ya kila mwezi. Kama mwezi wenye baridi kuliko yote unafika digrii 18, pale ni kundi A, tropiki. Ukiwa chini ya 18, unaingia kundi C. Kwetu karibu na ekweta joto halibadiliki sana mwaka mzima, kwa hiyo mpaka unachorwa na mlima. Kila mita 100 ukipanda, joto linapungua karibu digrii 0,6. Kama mita 800 iko digrii 24, basi 18 utaikuta karibu na mita 1800. Malisho ya Masisi yanayopita mita 2000 yako kundi lingine kabisa na pori la Walikale.

Kwa mvua, wataalamu hawasikilizani. Köppen anasema msitu wa mvua hauna mwezi unaopata chini ya milimita 60. Gaussen anasema mwezi ni mkavu kama milimita za mvua hazifiki joto mara mbili. Tuseme mwezi wa saba unapata milimita 50, na joto ni 24. Kwa Köppen, mwezi huo hautoshi. Kwa Gaussen, hauko mkavu, sababu mara mbili ya 24 ni 48. Thornthwaite, mwaka 1948, aliuliza swali la mkulima: mvua inayoingia inashinda maji ambayo udongo na mimea vinapoteza?

Hii haiko hesabu ya darasani tu. Familia ikikimbia vita toka mlimani, ikapata shamba porini, mbegu za viazi zilizozoea baridi hazitazaa vizuri, sababu usiku wa joto unazuia viazi kujaa. Muhogo, ndizi na mpunga ndivyo vya pale.

Kwa hiyo, kabla ya kugawa mbegu, tuulize kwanza: shamba liko mita ngapi, na mwezi gani maji yanapunguka? Jina la jimbo halitoshi.