Sabuni Ngapi Zinatosha Kidevu Kimoja?

Wahenga walisema fedha ni sabuni ya roho. Hawakusema hiyo sabuni ya ngozi iwe ngapi. Siku hizi, miongoni mwa vijana wa Kiswahili kuanzia Denton na Arlington hadi kusini-magharibi mwa Houston, wapo wanaokusanya sabuni za kunyolea kama wengine wanavyokusanya raba. Kijana huanza na kikopo kimoja chenye harufu ya limau. Muhula ukiisha, kabati la bafu limejaa, chini ya kitanda kuna boksi, na bado anasubiri kifurushi kingine. Mzazi akipita mlangoni huuliza swali lilelile: "Mwanangu, uso unao mmoja, haya yote ya nini?"

Swali hilo ni la haki, na kulicheka si kulijibu. Tumejaribu kulijibu kwa kemia kidogo, kwa hesabu ya darasa la sita, na kwa desturi tuliyoikuta madukani kwa wazee wetu.

Sabuni yenyewe ni ipi?

Wengi wetu tumekua tukijua njia mbili tu: mashine ya kinyozi, au povu la kopo la kubonyeza. Sabuni ya kunyolea ni kitu kingine. Ni kipande kigumu, au laini kama ugali uliopoa, kinachosuguliwa kwa brashi yenye maji mpaka kitoe povu zito kama maziwa ya mtindi. Sabuni ya kawaida ya kipande hutengenezwa kwa mafuta na hidroksidi ya sodiamu. Ya kunyolea huongezewa hidroksidi ya potasiamu, inayoifanya iwe laini na iyeyuke upesi, pamoja na asidi ya steariki kwa wingi, inayolifanya povu lidumu. Ndiyo maana mche wa sabuni ya kufulia hutoa povu linalokauka kabla hujamaliza shavu la kwanza.

Biashara hii ni ya zamani. D.R. Harris wa London wanajihesabu tangu 1790. J.B. Williams walianza Connecticut katika miaka ya 1840. Familia ya Martelli, wenye Proraso, ilianza Florence mwaka 1908. Mwaka 1919 ikaja Barbasol, krimu isiyohitaji brashi, na baadaye makopo ya kubonyeza yakaisukuma brashi pembeni. Sasa brashi imerudi, na safari hii imeletwa na watengenezaji wadogo wa Marekani wanaopika sabuni kidogo kidogo na kuipa harufu mpya kila msimu. Harufu ya vuli ikiisha dukani huenda isirudi tena. Hapo ndipo mtego ulipo. Mtu hanunui kwa sababu sabuni imemwishia, ananunua kwa sababu dukani inakaribia kuisha.

Kuna na mvuto mwingine unaotuhusu sisi zaidi. Harufu mojawapo inayopendwa sana na vinyozi wa Marekani ni bei ramu, iliyotoka visiwa vya Karibi. Kiungo kikuu cha mafuta ya majani yake ni eujenoli, na eujenoli ndiyo hiyohiyo inayoyapa mafuta ya karafuu harufu yake. Kwa hiyo kijana mwenye asili ya Pemba akifungua kikopo hicho Fort Worth na kusema kinanukia nyumbani, hajidanganyi, pua yake inasema kweli. Lakini ukweli huo unahalalisha kikopo kimoja. Hauhalalishi kumi na viwili.

Tupige hesabu

Tuchukue kipande cha gramu 100, na tuseme mtu hutumia gramu 1 kila anaponyoa. Kipande hicho kitamtosha mara 100. Mwanafunzi anayenyoa mara 3 kwa wiki atanyoa mara 156 kwa mwaka. Shahada ya miaka 4 ina wiki 208, yaani mara 624. Kwa hiyo tangu siku ya kuripoti chuoni mpaka siku ya kuvaa joho, atatumia gramu 624, vipande 6 na kidogo cha saba. Mwenye mkono mzito anayetumia gramu 1.5 hafikishi vipande 10. Na yule ambaye ndevu zake bado zinapiga hodi, anayenyoa mara 1 kwa wiki, atamaliza shahada na vipande 2 na kibandiko.

Tukichukulia kikopo ni dola 20, vikopo 7 ni dola 140. Kodi ya mauzo ya asilimia 8.25, inayotozwa Houston, Dallas na Fort Worth, inaongeza dola 11.55. Jumla ni dola 151.55 kwa shahada nzima, na hiyo si israfu hata kidogo. Lakini tumchukue mwenye vikopo 20. Ametoa dola 433, na kwa gramu 156 kwa mwaka anahitaji karibu miaka 13 kuvimaliza. Kama leo ana miaka 20, kikopo cha mwisho atakikwangua akikaribia miaka 33, pengine mtoto wake akimwuliza harufu hiyo ya ajabu inatoka wapi.

Kila mtu anaweza kujua kiwango chake mwenyewe bila kubahatisha. Pima kikopo kikavu kwenye mizani ya jikoni. Nyoa mara 10. Kiache kikauke kabisa, kipime tena, kisha gawanya tofauti kwa 10. Namba utakayoipata ina thamani kuliko ushauri wa mtu yeyote.

Akiba hii huoza

Mtetezi wa vikopo vingi atasema: "Ndugu zangu, akiba haiozi." Methali hiyo ni tamu, lakini haikutungiwa sabuni. Harufu za malimau na machungwa huwa za kwanza kupotea, kwa kuwa viungo vyake ni vyepesi na huruka hewani. Mafuta ambayo hayakugeuka sabuni yanaweza kuchacha na kuacha madoa ya rangi ya machungwa na harufu ya mafuta ya kukaangia ya juzi. Sabuni laini ikifungwa kifuniko ikiwa bado mbichi, huota ukungu.

Joto huharakisha kuharibika huko, na sisi tunakaa Texas. Kiangazi hapa joto hupita nyuzi 38 za Selsiasi, na gari lililofungwa au gereji huwa kali zaidi. Ubaridi wa nyumbani nao ni wa kuazima kwa kampuni ya umeme. Kimbunga Beryl kilipopiga Julai 2024, wateja zaidi ya milioni 2 wa Houston na viunga vyake walikatikiwa umeme, wengine kwa siku kadhaa. Watu walikuwa na mambo makubwa zaidi ya kuhofia kuliko sabuni. Lakini hilo nalo ni somo: kitu usichoweza kukitumia mapema, unakiweka mikononi mwa hali ya hewa.

Tukisema basi kwamba sabuni yenye harufu itumike ndani ya miaka 3, mwenye kunyoa mara 3 kwa wiki ana nafasi ya gramu 468. Hivyo ni vipande visivyofika vitano. Hiyo ndiyo dari yake, na kila kikopo kinachozidi hapo amekinunulia takataka au amemnunulia mtu mwingine.

Ngozi haijali idadi

Wengi wetu hatukuingia kwenye sabuni hizi kwa ajili ya harufu. Tuliingia kwa sababu ya vipele. Ndevu zilizojikunja, zikikatwa karibu sana na ngozi, ncha yake hupinda na kuingia tena ndani, na ngozi huvimba. Tatizo hili huwapata watu weusi kwa wingi, na limezaa biashara yake. Tristan Walker alianzisha kampuni yake mwaka 2013 akauza Bevel, wembe wa makali mamoja uliokusudiwa ngozi yetu, na mwaka 2018 kampuni hiyo ikanunuliwa na Procter & Gamble.

Ushauri wa madaktari wa ngozi haumtaki mtu awe na kabati zima. Nyoa baada ya kuoga kwa maji ya uvuguvugu. Fuata uelekeo wa ndevu. Tumia wembe mkali, na uusuuze kila unapoupitisha. Wengine dawa yao ni kuziacha ndevu ziote kidogo, au kubaki na mashine ya kinyozi. Sabuni nzuri husaidia wembe kuteleza, lakini kazi yake inaishia hapo. Zaidi ya hayo, manukato ni miongoni mwa visababishi vya kawaida vya mzio wa ngozi, na eujenoli tuliyoisifu hapo juu ni mojawapo. Mwenye harufu kumi na tano na shingo inayowasha atachukua miezi kumjua mwizi. Mwenye mbili atamjua wiki hiyohiyo. Kabla ya kupaka usoni, jaribu kidogo ndani ya kiwiko na usubiri siku mbili.

Kuna sababu nyingine inayojaza makabati kimyakimya, nayo ni maji. Maji yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi hushikana na sabuni na kutengeneza utando mweupe, ule unaobaki kwenye sinki, na povu likakataa kusimama. Mtu huilaumu sabuni na kununua nyingine, kisha nyingine. Kabla ya kufanya hivyo, nunua galoni moja ya maji yaliyokenekwa dukani, tia kidogo kwenye bakuli, pasha moto, ujaribu tena sabuni ileile. Povu likikubali, tatizo lako liko bombani, na hata ungekuwa na vikopo hamsini vingekuaibisha vyote.

Upande wa pili usikike

Haki ni kumsikiliza na mkusanyaji. Yeye husema hakusanyi sabuni, anakusanya kumbukumbu. Old Spice ilipoingia sokoni kwa wanaume mwaka 1938, sabuni yake iliuzwa ndani ya vikombe vya udongo vilivyochorwa majahazi. Leo vikombe hivyo vinatafutwa na watu ambao hawana haja ya kuvitumia. Kuna mtu anayeweka kopo alilotumia marehemu babu yake, na hakuna mizani ya jikoni inayoweza kupima hilo.

Tunakubali. Lakini Kiswahili chetu kina maneno ya kutusaidia hapa, na tuyatumie. Hazina ni kile unachokijua kimoja kimoja, ukaweza kusimulia kilikotoka. Akiba ni kile utakachokitumia. Rundo ni kile usichokumbuka kuwa unacho. Mkusanyaji ajiulize swali moja: akifumba macho, anaweza kuvitaja vikopo vyake vyote? Vile anavyovisahau vimeshahamia kwenye rundo.

Somo la mche

Suluhisho bora hatukulipata Marekani. Kule nyumbani, mteja asiye na fedha ya mche mzima haondoki mikono mitupu. Mwenye duka huchukua kisu, akaukata mche vipande, kila mmoja akanunua kiasi chake. Hakuna aliyeona haya, na hakuna sabuni iliyolala.

Tufanye vivyo hivyo. Wanachama watano wakinunua sabuni tano tofauti za gramu 100, wakazikata kwa kisu safi kabla mtu hajazitumia, kila mmoja anapata gramu 20 za kila aina. Hizo ni mara 20 kwa kila harufu, mara 100 kwa jumla, kwa bei ya kikopo kimoja. Mwanachama wa Dallas anaweza kubadilishana na wa Houston tunapokutana, maana maili 240 za barabara ya I-45 hazizuii mfuko wa sabuni. Dada zetu wanaotumia sabuni hizi kwa miguu wasisahauliwe katika mgao.

Ziada isiyofunguliwa nayo ina pa kwenda. Anayesafiri Desemba kwenda Mombasa, Dar es Salaam au Bukavu anajua uzito wa neno zawadi. Sabuni ngumu si kimiminika, hivyo kwenye uwanja wa ndege wa Marekani inaruhusiwa katika mkoba wa mkononi, tofauti na krimu inayozidi mililita 100. Mjomba atakayenyoa nayo siku ya Idi au Krismasi ataifurahia kuliko boksi la chini ya kitanda.

Basi ngapi?

Jibu letu ni tatu zilizofunguliwa na moja ya akiba. Moja isiyo na harufu kabisa, ya siku ambazo ngozi imekasirika. Moja yenye mentholi, kwa sababu Agosti ya Texas haina huruma. Moja ya raha, iwe karafuu au chochote kinachokukumbusha kwenu. Ya nne ibaki imefungwa, mahali pakavu na pa baridi, na isifunguliwe mpaka mojawapo ya zile tatu ionyeshe sakafu ya kikopo. Anayenyoa mara 1 kwa wiki apunguze ziwe mbili. Anayenyoa kila siku anaweza kufika sita bila kuulizwa neno.

Mwenye hoja ya kuipinga hesabu hii alete mizani yake kwenye mkutano ujao. Alete na kisu.